Saa ilinidanganya, pakiti ya chumvi ikasema kweli

Miezi mitatu baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti, kile kibomba kinachouweka mshipa wazi, nilikuwa bingwa wa kumeza vidonge na mvivu wa mengine yote. Sikuruka dozi hata moja, na kwa hilo nilijiona nimeshalipa deni. Sigara nilikuwa "napunguza". Mazoezi "naanza wiki ijayo". Chumvi sikuwa hata na habari nayo, maana kwa akili yangu mimi si mtu wa chumvi.

Washauri nao walinidekeza. Kila aliyekuja kunipa pole aliacha lake: mwenye moyo hapandi ngazi, mwenye moyo habebi ndoo, ukipata nafuu punguza vidonge visije vikakuzoea. Hilo la vidonge nililikataa, kwa sababu nilishauona mshipa wangu kwenye skrini ulivyobanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Lakini hilo la kupumzika nililipokea kwa mikono miwili. Kochi lilianza kuchukua umbo langu.

Aliyeniinua ni mtaalamu wa mazoezi kliniki, kwa kisa cha mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari mmoja aitwaye Jerry Morris na wenzake walitoa utafiti uliolinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa. Dereva anakaa siku nzima, kondakta anapanda na kushuka ngazi siku nzima. Na makondakta ndio waliougua moyo kidogo zaidi. Nilirudi nyumbani nimewaka moto. Kumbe moto wenyewe ulihitaji akili kidogo.

Nilinunua saa ya kupima mapigo. Si ya bei mbaya, ingawa mke wangu mpaka leo anaamini iligharimu nusu ya ile niliyolipa. Nikachukua ile kanuni ya kukisia mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika: 220 ukitoa umri. Nina miaka 52, kwa hiyo 168. Asilimia 70 yake ni kama 118. Nikatangaza mezani kwamba kesho alfajiri naitafuta 118. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayeishi nasi, akasema atanisindikiza. Yeye ndiye alikuwa mzima wa nyumba: hajawahi kulazwa, hajui rangi ya kidonge.

Tukaanza kwa mwendo wa haraka. Saa ikasoma 84. Nikakaza, 91. "Shemeji, unahema," akaniambia. Nikamjibu, "Saa inasema bado." Nikaanza kukimbia. 97. Jasho linaingia machoni, viatu vinapiga chini kama vya askari, na saa imeganda kwenye 99. Nikajiambia labda moyo umeshakuwa wa kijana, ndiyo maana hautishiki. Nikaongeza mbio. Kwenye 101 magoti yakagoma. Nilijikuta nimekaa ukingoni mwa barabara, kichwa katikati ya magoti, shemeji amesimama ananipepea kwa kofia na kuuliza kama aite gari. Na mimi, katika hali ile, bado natazama saa.

Mtaalamu alicheka kwanza, kisha akakasirika. "Katika vidonge vyako kimo kimoja ambacho kazi yake ni kuyashika mapigo yasipande. Kanuni hiyo si yako. Ungekimbia mpaka kesho usingeiona 118." Nilikuwa naapa kwa vidonge hivyo kila siku na sikujua vinafanya nini! Akanipa kipimo kingine kisicho na betri: uende mwendo ambao unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Shemeji akakipenda kupita kiasi. Kila baada ya dakika chache ananiamuru, "Imba!" Nikimaliza ubeti, tunakaza. Nikikwama katikati ya sentensi ya kawaida, tunapunguza. Kifua kikibana, hakuna mjadala, tunasimama. Dakika 30, siku tano kwa wiki, ndizo hizo 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka kama kiwango cha chini kwa mtu mzima. Saa inatumika jikoni kutazamia saa.

Sigara sitaisimulia sana. Kupunguza kulinishinda kwa sababu nilikuwa napunguza mchana na kulipiza usiku, halafu nikaambiwa kwamba hata sigara moja kwa siku inamwachia mtu karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo anayoibeba mvutaji wa sigara 20. Nusu! Nikaona napata tabu ya kujinyima bila faida ya kuacha. Nikaacha. Siku tatu za kwanza waulizwe walionivumilia. Kilichonisaidia ni kwamba hamu ikija huwa ni ya dakika chache tu, basi kila ikija nilikwenda kupiga mswaki. Sigara juu ya dawa ya meno ni uchafu mtupu. Mwezi ule nadhani nyumba yetu ilitumia dawa ya meno kuliko sabuni.

Nilijiona mzembe wa peke yangu mpaka niliposoma juu ya utafiti uliotolewa mwaka 2013, wa watu zaidi ya 150,000 katika nchi 17. Kati ya waliokwisha kuugua ugonjwa wa moyo au kiharusi, karibu mmoja kwa kila watano alikuwa bado anavuta, na walioshika yote matatu, yaani kutovuta, mazoezi ya kutosha na kula vizuri, walikuwa asilimia 4.3 tu. Kwa hiyo tuko wengi kwenye kochi.

Sasa turudi kwa mzima wa nyumba. Siku moja nilikuwa najipima presha sebuleni, shemeji akaketi akaunyosha mkono: "Nipime na mimi, uone ya mtu mwenye afya." 158 kwa 96. Akasema mashine mbovu. Nikampa haki yake, maana alikuwa ametoka kunywa kahawa, miguu ameipishanisha na anaongea bila kituo. Siku ya pili nikamtuma msalani kwanza, nikamkalisha dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. 152. Kliniki nao wakapata zaidi ya 140 kwa 90, tena na tena, yaani presha iko juu, wakampa kidonge. Haumwi kichwa, hana kizunguzungu, hana chochote. Alirudi mnyonge, akauliza, "Shemeji, na hiki kidonge changu kitanizuia kufika 118?" Nikamwambia akamuulize daktari, mimi nimeshastaafu udaktari.

Ndipo tukaiendea chumvi, maana nayo hupandisha presha. Kila mmoja nyumbani aliapa hali chumvi nyingi. Nikachukua pakiti mpya ya nusu kilo, nikaandika kwa kalamu tarehe ya kufunguliwa, nikairudisha jikoni bila hotuba. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima. Sisi ni watu wazima wanne: mimi, mke wangu, shemeji na mama mkwe. Pakiti ilipaswa ivuke siku 25. Iliisha siku ya 12. Gramu kumi na ushee kila mtu, na hapo sijahesabu ile iliyojificha ndani ya mkate na vyakula vya kopo. Nikaiweka pakiti tupu katikati ya meza. Hakuna aliyeongea.

Tulichofanya ni kidogo tu: chumvi ikahama mezani, chunguni ikawa ya kijiko badala ya kiganja, ndimu ikaongezwa. Wiki mbili za kwanza kila kitu kilikuwa na ladha ya karatasi, shemeji akawa analia kwa sauti. Halafu ulimi ukazoea. Siku moja tukala ugenini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba maji. Pakiti ya pili siku 17. Ya tatu siku 22, na nikaiandika 22 hiyo kubwa kwenye ubao wa jikoni nikiwa na kifua mbele.

Juzi mke wangu alikuwa anafua, akanionyesha alichokitoa kwenye mfuko wa sweta la mama yake. Ni kichupa cha vidonge vyangu kilichokwisha, lebo bado ina jina langu, na ndani yake chumvi safi ambayo haikutoka kwenye pakiti yetu. Nikaimwaga kwenye kijiko: vijiko viwili. Mama mkwe akatokea mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Hiyo ni dawa yangu, nirudishie." Mama mkwe habishiwi. Nikairudisha chupani, nikamkabidhi kwa mikono miwili, kisha nikaenda jikoni kufuta ile 22.