Shingo na Goti

"Baba, si umesema shingo ndiyo inauma? Mbona unabonyeza goti?"

Kaniuliza akiwa mlangoni, mswaki mdomoni. Mimi nimekaa kitandani, kidole gumba nimekizamisha chini ya goti la kulia, kwa nje, nazungusha kichwa taratibu. Nikamwambia akasukutue kwanza.

Ilikuwa Guangzhou, China, mwaka wa pili wa masomo ya tiba ya Kichina. Nililala vibaya, nikaamka shingo imekaza upande wa kushoto. Wachina huita luozhen, yaani kuanguka mto wa kulalia. Kliniki ya mafunzo niliingia mwanafunzi, nikageuzwa mgonjwa.

Mwalimu wetu, mama mfupi, miwani inaning'inia kifuani, shingo hata hakuitazama. Akaniambia nipandishe suruali mguu wa kulia. Akapapasa kile kinundu cha mfupa kilicho nje ya goti, akateleza mbele na chini kidogo, akakandamiza. Yanglingquan, ndilo jina la nukta hiyo katika tiba ya Kichina. Ganzi ikashuka kama umeme mpaka juu ya unyayo, machozi yakanilenga. "Haya, geuka." Nikaanza kugeuka. Nikauona mlango. Halafu kalenda ya ukutani. Halafu, mungu wangu, wenzangu waliokuwa wamesimama nyuma yangu, wananicheka.

Baadaye akatuchorea njia ya kano ya nyongo, mstari ambao tiba ya Kichina husema unaunganisha kano za mwili: inaanzia kidole cha nne cha mguu, inapita kifundo, nje ya goti, nyonga, mbavu, mpaka nyuma ya sikio. Katika Lingshu, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, njia za kano ziko 12, zote zinaanzia kwenye vidole. Hii ya ubavuni ndiyo ya kujipinda na kugeuka, akasema, na kule juu inavuka: ukiumia kichwa kushoto, mguu wa kulia haufanyi kazi. (Leo ningesema huo ni ubongo.) Mimi mjuaji nikanyoosha mkono: mwili huzungushwa na misuli ya mshazari ya tumbo, wa nje wa kulia ukivuta pamoja na wa ndani wa kushoto, na hiyo nayo imepishana. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri. Shingo inageuka?"

Inageuka, nikasema.

Sijui ni goti. Tangu alfajiri siku ile nilikuwa naogopa hata kuijaribu hiyo shingo. Pengine nilihitaji tu mtu wa kuniumiza mahali pengine.

Mwanangu karudi, povu kidevuni. "Imepona?"

Nikageuka kumtazama, mabega na kiuno vyote pamoja.