Vile niliweka nyota za taa mu plafo (dari ya ndani) ya gari yangu hapa Lubumbashi

Kila mtu akipanda mu RAV4 yangu usiku anauliza fundi gani aliniwekea zile nyota na bei gani, jamani hakuna fundi, ni miye na mdogo wangu mu parsele yetu huku Katuba. Umeme wenyewe ni kitu kidogo sana. Kazi iko kwenye kutoa plafo nzima bila kuikunja, na kwenye kutoboa.

Seti ya vifaa inakuja na kiboksi kimoja cha taa ya LED, volti 12 wati 16, rimoti yake, na fungu la nyuzi za plastiki, yangu ilikuwa na 300. Zile nyuzi hazibebi umeme wala hazina moto, zinapitisha mwanga tu, kwa hiyo wale wanaosema plafo itaungua wapuuze. Ila chukua yenye nyuzi za unene tofauti, 0.75 na 1 na 1.5 milimita, zikiwa sawa zote utapata plafo yenye vidoti, haitafanana na mbingu.

Kabla ya yote toa waya ya hasi ya bateri, maana gari mingi ziko na eabegi (mifuko ya hewa ya ajali) za pembeni zinalala juu ya milango na huko hautaki mchezo, wala usipitishe nyuzi mbele yake. Alafu ni kufungua tu: vizuia jua, mikono ya kushikilia, taa ya ndani, plastiki za nguzo, mipira ya milango. Klipsi zilizokaushwa na jua zinakatika, nunua za akiba. Plafo tuliitolea mlango wa nyuma, viti vimelazwa, watu wawili, taratibu, ikikunjika mara moja ile alama inabaki milele. Na nawa mikono, vumbi yetu nyekundu ikishika kile kitambaa cheupe umekwisha.

Kutoboa sasa, hapo njo kazi yenyewe. Unatoboa na sindano kutoka upande wa kitambaa ili tundu litoke safi, uzi unauingiza kutoka nyuma. Usipime na rula hata kidogo, jicho linaona mistari mara moja, miye nilikuwa natupa punje za mchele juu ya kitambaa na pale zinaangukia natoboa, sehemu zingine zinajaa zingine zinabaki tupu na ni sawa kabisa. Ila Msalaba wa Kusini niliuchora makusudi, nyota nne kubwa na uzi wa 1.5, ile ya tano ndogo ya pembeni na 0.75, na mbili zinazouelekeza karibu yake. Kilimia nikakiweka upande wa watoto, nyuzi nyembamba zimebanana. Angalia tu, picha uichore upande wa kitambaa, ukiichora kwa nyuma msalaba utatoka kinyume, kama mu kioo.

Gundi usitumie ile ya kukauka sekunde moja, inafanya uzi wa plastiki ukatike kama biskuti, na ile ya bastola ya moto na hili jua la mwezi wa kumi miye siiamini. Tafuta gundi ya wazi inayobaki laini, tone moja kwa nyuma linatosha. Uzi uache utokeze sentimita chache upande wa kitambaa, nyuma uzilaze bapa na tepu, bila kona kali maana mwanga unapotelea pale. Mwisho kabisa, plafo ikisharudi, unakata na kikata kucha.

Kabla ya kurudisha lakini, mulika toshi kwenye kichwa cha fungu uone kama kuna uzi uliokufa, ukijua baadaye utafungua yote upya.

Kiboksi nilikificha ubavuni mwa buti pahali penye hewa. Waya nyekundu kwenye fyuzi ya ACC, ufunguo ukitoka nayo inazima, nyeusi kwenye bodi. Wati 16 kwa volti 12 ni kama ampea 1.3, fyuzi ya 3 inatosha sana.

Rangi za disko ziko kwenye rimoti, sizitumii, nyeupe njo nyota. Na nikiendesha usiku naishusha hadi mwisho au nazima, maana inarudisha mwanga kwenye kioo cha mbele, na mashimo ya hizi barabara mnayajua.