Pete Mbili za Zircaloy

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni Nairobi siku mhadhiri wetu wa metali alipoingia maabara na pete mbili zilizokatwa kwenye bomba la Zircaloy-4, aina ya bomba linalofunika vidonge vya urani katika vinu vya nyuklia. Hazikuwahi kuingia kinuni, kwa hiyo tulizishika mikono mitupu. Ukuta wake haukufika hata milimita moja. Viungo vyake nilivijua kwa moyo: zirkoniamu karibu yote, bati asilimia 1.5 hivi, chuma na kromu kidogo sana. Wakati ule niliamini nguvu ya aloi imo katika viungo basi.

Pete zote mbili zilikuwa zimetiwa haidrojeni kiasi kilekile. Ndani ya kinu, maji ya moto huila zirkoniamu polepole, na sehemu ya haidrojeni inayotoka hapo hupenya kwenye metali. Katika nyuzi 400 za Selsiasi metali inaweza kuyeyusha takriban sehemu 200 za haidrojeni katika milioni. Ikipoa, karibu yote hujitenga na kuwa vibamba vya haidraidi, yaani zirkoniamu iliyoungana na haidrojeni, na haidraidi ni kitu cha kuvunjika.

Mzee wa maabara alizing'arisha kwa msasa, laini baada ya laini, akazipaka asidi, kisha akaniita kwenye hadubini. "Weka jicho hapa, mwanangu. Usiguse meza."

Katika pete ya kwanza, vistari vyeusi vilizunguka kufuata mviringo wa bomba. Namna bomba linavyobanwa na kurefushwa kiwandani hupanga fuwele zake hivi kwamba haidraidi hulala upande huo. Ya pili ilikuwa imepozwa huku shinikizo likiisukuma kutoka ndani, na vistari vyake vingi vilisimama wima, kutoka ukuta wa ndani kuelekea wa nje.

Tukazibana kwenye jiliwa. Ya kwanza ilibonyea ikawa kama yai, nzima. Ya pili ilitoa mlio mdogo mkavu, ikapasuka. Nilirudisha kipande chake kwenye hadubini na moyo ukanidunda: ufa ulikuwa umeruka kutoka kibamba hadi kibamba.

"Daktari," nikamuuliza mhadhiri, "na fueli ya nyuklia iliyotumika, ikiwa bado ndani ya mabomba haya, ikipashwa moto wakati wa kukaushwa ili ihifadhiwe?"

"Ndiyo maana Marekani wameweka kikomo cha nyuzi 400," akajibu, akavuta kiti tuanze kupiga hesabu ya shinikizo.