Kikohozi cha Benchi la Nyuma

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sijaandaa somo. Nilichonacho ni rekodi ya dakika 31 kwenye simu yangu. Nimeisikiliza mara nne, na kila nikiisikiliza natamani kuifuta.

Ilikuwa hivi. Jumapili iliyopita tuliimba wimbo mpya, nilioutunga mwenyewe. Kuna aliyekuwa amelalamika kwamba gitaa la besi linameza maneno, nami nikataka kusikia nyuma kukoje. Kabla ya ibada nikawasha kinasa sauti cha simu, nikaificha kando ya kitabu cha nyimbo kwenye benchi la mwisho, nikaenda zangu mbele. Kule mbele mambo yalikuwa moto. Nilifumba macho, nikainua mikono, machozi yakanilengalenga. Nikarudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba kanisa zima limeimba.

Usiku nikasikiliza. Gitaa la besi halikuwa na tatizo. Kanisa ndilo halikuwepo. Nilijisikia mimi, na wenzangu watatu wenye vipaza sauti, na ngoma, basi. Karibu na simu alikuwepo baba mmoja ambaye nilimtambua kwa sauti yake nzito. Ubeti wa kwanza alikuwa anajaribu, akija neno moja nyuma yetu kama mtu anayemfuata mwenyeji gizani. Kiitikio kilipoanza akapata moyo, akaongeza sauti. Kisha ikaja ile noti ya juu. Sauti ikamkatika katikati. Akakohoa. Akacheka kidogo, kile kicheko cha kuficha haya, kisha kimya. Hakuimba tena. Dakika 11 zilizofuata unasikia benchi likilia, kurasa zikifunuliwa, na mimi kwa mbali nikipaza sauti: "Wote kwa pamoja!"

Wote gani?

Niseme ukweli kuhusu noti ile. Niliiweka pale kwa sababu ni noti yangu. Wanaoimba watanielewa: kila mmoja wetu ana mahali ambapo sauti yake hufunguka, watu wakageuka kumtazama. Kwangu ni pale. Siku ya mazoezi kijana mmoja wa kinanda aliniambia kwa adabu, "Mwalimu, hii iko juu, watu hawataifikia." Nikamjibu kwamba watazoea. Nilisema hivyo huku nikijua hawatazoea, na kibaya zaidi, sikujali sana kama watazoea.

Tangu usiku ule nimekwama kwenye Wakorintho wa kwanza 14. Tumezoea kuishia mstari wa 15, "nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia", tunaunukuu kwenye kila semina ya uimbaji. Lakini Paulo hakuishia hapo. Anaendelea kuuliza yule aliyeketi asiyeelewa ataitikaje Amina, kisha mstari wa 17 anakubali kwamba wewe unayeshukuru unashukuru vema. Vema! Hakuna anayesema machozi yako ni ya uongo. Kosa liko kwa jirani: yule mwingine hajengwi. Yaani inawezekana kabisa nikaabudu kwa moyo wangu wote, pale mbele, Mungu akaniona, na bado nikawa nimemwacha ndugu yangu nje ya mlango. Nilikuwa nadhani nikiwa mkweli mbele za Mungu, mengine yatajipanga yenyewe. Kumbe Paulo anapima ibada yangu kwa koo la mtu wa nyuma.

Tazameni pia Wakolosai 3:16. Tunaambiwa neno la Kristo likae kwa wingi ndani yetu, "mkifundishana na kuonyana kwa zaburi, na nyimbo, na tenzi za rohoni". Lugha yetu imetutendea wema hapa. Kufundisha kunaweza kufanywa na mtu mmoja, wengine wakasikiliza. Kufundishana hakuwezekani hivyo, hiyo -na ya mwishoni inadai wawili. Yule baba wa nyuma ana jambo la kunifundisha mimi kwa kuimba kwake, na mimi nilipandisha wimbo mpaka akanyamaza. Nimemnyima nafasi ya kunifundisha, nikajinyima somo.

Hata Zaburi ya 136 ingetosha kunionya, maana nimeihubiri. Mistari 26, na kila mstari unarudi palepale: "kwa maana fadhili zake ni za milele". Zamani niliona kama inachosha. Sasa nawaona watu waliosimama uani mwa hekalu, mmoja hajui kusoma, mwingine kachelewa, mwingine kabeba mtoto, na wote kufikia mstari wa tatu wameshika sehemu yao. Mwimbishaji ana habari ndefu ya kusimulia, ya mbingu na Misri na Bahari ya Shamu na Ogu mfalme wa Bashani, lakini hawezi kufika popote bila wao. Huyo aliyetunga alikuwa anawawaza.

Na mnakumbuka habari za Ambrosi, askofu wa Milano. Mwaka 386 mama yake Kaizari, Yustina, alitaka kuwapa Waario, wale waliokana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba, kanisa mojawapo la mji ule. Waumini wakajifungia ndani pamoja na askofu wao, usiku na mchana, wakiwa tayari kufa naye. Agostino, mwalimu mkuu wa kanisa la kale, anasimulia hayo katika kitabu chake, Maungamo. Mama yake, Monika, alikuwa miongoni mwao. Anasema ndipo walipoanza kuimba tenzi na zaburi kama walivyofanya watu wa Mashariki, ili watu wasizimie kwa huzuni na uchovu. Ambrosi alikuwa msomi, angeweza kuandika kwa ufundi wa kuwashangaza wakuu. Tenzi zake ni beti nane za mistari minne minne, kila mstari silabi nane, zinazomkaa mtu kichwani hata akiwa na usingizi. Aliwaandikia watu wenye njaa na hofu waliokuwa mbele yake, na walitakiwa waendelee kuimba hadi asubuhi. Hilo linanichoma. Mimi niliandika wimbo wangu nikiwa nawaza nani? Nikiwa mkweli, nilikuwa nawawaza watunzi wenzangu.

Basi Jumatatu nikakaa na ule wimbo. Ulikuwa ufunguo wa G, ubeti ukianzia D ya chini na kiitikio kikigonga G ya juu. Watu wengi wasio na mafunzo huimba kwa raha ndani ya oktava moja (kutoka do hadi do ya juu yake) na noti tatu nne hivi, kuanzia kama A hadi D. Nikaushusha wote hadi ufunguo wa D. Ile G ikawa D, ile D ya chini ikawa A. Kazi ya dakika moja kwenye karatasi. Moyoni imenichukua siku tatu, kwa sababu katika D sauti yangu ni ya kawaida tu. Haifunguki. Hakuna atakayegeuka.

Halafu nikayaona mengine ambayo ile noti ilikuwa imeyafunika. Ubeti wa pili nimeandika, "Umeniweka barabara". Nilikusudia barábara, yaani sawasawa, imara. Lakini tuni nimeitungia uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mahali ambapo kwa kawaida Kiswahili hutaka mkazo, na neno hili ni mojawapo ya machache yanayokataa. Kwa hiyo tulichoimba Jumapili ni barabára. Bwana kaniweka njiani, kwenye lami, magari yanapita. Binti mmoja wa shule ya Jumapili alikuja kuniuliza baada ya ibada kama ni ushuhuda wa ajali. Nilicheka naye. Sikucheka nilipogundua kwamba nimeuimba mstari ule mazoezini miezi miwili bila kuusikia. Wenzangu mnaotafsiri nyimbo za wengine, mnajua tatizo hili lilivyo kubwa zaidi kwenu: tuni ilishonwa kwa mwili wa lugha nyingine, tunaivisha maneno yetu kwa nguvu, mkazo unaangukia "moyo-NI", na mwamini anaimba kitu ambacho mdomo wake haujawahi kukisema. Someni maneno kwa sauti ya kawaida kwanza, kama mnaongea na mama. Tuni ifuate hapo.

Sasa niwaseme kidogo watumishi wenzangu wa uimbaji, na mnisamehe, maana nimeanza kwa kujisema mwenyewe.

Tumegeuza neno "huduma" likawa jina la kupanda jukwaani. Tunafika ibada imeanza, tunaimba zamu yetu, na mahubiri yakianza tunatoka nje "kupanga vyombo". Kuhudumu ni kumpa mtu anachohitaji, na huwezi kujua anachohitaji kama hukai naye. Ni lini mara ya mwisho umeketi benchi la nyuma, ukaimba kutoka pale, bila kipaza sauti? Ni lini umemtembelea mgonjwa wa usharika ukamuuliza anaimba wimbo gani usiku asipopata usingizi? Kenania, Mlawi wa siku za Daudi, alipewa kusimamia nyimbo kwa sababu alikuwa stadi, Maandiko yanasema hivyo, wala sidharau ustadi. Wale waimbaji 288 wa siku zile za Daudi walifundishwa. Lakini walipopanga zamu walipiga kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Kwetu zamu inapangwa kwa nani ana wafuasi.

Na kwa nini nyimbo zetu zote zimeshinda? Ushindi, mafanikio, adui chini ya miguu. Kila Jumapili kuna mtu anayeingia mlangoni akiwa ameshindwa vibaya wiki nzima, na tunampokea kwa wimbo unaomtaka aseme uongo kabla hajaketi. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili. Ya 88 inaishia gizani, wala hakuna aliyethubutu kuiongezea ubeti wa furaha. Tunaye nani kanisani kwetu anayetunga "hata lini"? Mimi sijawahi. Niliogopa kwamba haitapendwa.

(Wazee wa kanisa, na ninyi someni Nehemia 13:10. Waimbaji walikimbilia mashambani kwa sababu hawakupewa sehemu zao. Mpiga kinanda naye anakula. Hilo tutalizungumza siku nyingine.)

Nirudi kwa yule baba. Jana jioni nilimwendea. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini sikujua nianzie wapi, maana yeye hajui kwamba simu ilikuwa pale.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu. Kwema?"

Nikamwambia kwema, nina wimbo unanisumbua, nahitaji mtu wa kuupima. Akashangaa. Akasema yeye ni besi mbovu, nimtafute mwingine. Nikamwambia besi mbovu ndiyo ninayoitaka. Tukakaa nje, bila chombo chochote, nikaanza ubeti katika D, taratibu. Ubeti wa pili nimeshabadilisha, siku hizi ni "Umenisimamisha imara". Akaingia neno moja nyuma yangu, kama alivyofanya Jumapili. Kufikia kiitikio nilimwona anavuta pumzi na kukaza shingo, akijiandaa kwa ile noti. Ikaja, ikapita, na hakuhitaji kukaza chochote. Akanitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Tukaimba tena. Mara ya tatu nikanyamaza, akaendelea peke yake hadi mwisho, mstari mmoja aliukosea, na nilivyousikia alivyoukosea nikaona ni mzuri kuliko wangu. Nimeuandika hivyo.

Kisha nikamweleza habari ya simu, yote. Nilidhani atakasirika. Alikaa kimya kidogo, akafuta miwani yake kwa upindo wa shati.

"Ile Jumapili," akasema, "nilikuwa nataka kweli kuimba."

Sikumuuliza kwa nini. Tulikaa pale mpaka giza likaingia, akaniuliza kama ule ubeti wa tatu umeshakamilika, nikamwambia bado.