Samaki mbichi: fresh au raw?

Wauza samaki wa Kigoma mnaoandika mabango kwa wageni wanaokwenda Hifadhi ya Gombe, hili neno "mbichi" liangalieni vizuri. Ukiandika raw fish, umesema tu kwamba mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, haujapikwa. Hata uliolala siku mbili ni raw. Mteja anataka kujua kama umevuliwa leo, kwa hiyo andika fresh fish.

Kamusi ndogo hurundika maana zote za "mbichi" mstari mmoja, ndiyo maana watu hukosea. Jiulize kwanza kinyume chake: kilichopikwa, kilicholala, kilichoiva au kikavu? Embe bichi ni unripe, nguo mbichi ni damp, kuni mbichi ni green wood. Ila asali ya Tabora isiyochemshwa ni raw honey, na hapo raw ni sifa kabisa. Msiifute kwenye lebo.