Siku moja maishani mwangu: nabuni Vita vya Maji Maji ndani ya gemu

Saa 2 asubuhi. Ramani iko kwenye kioo: kusini mwa koloni la Wajerumani, Julai 1905, kutoka Kilwa hadi Songea. Katika gemu nyingi za mikakati, uasi ni namba tu. Hasira ya wilaya inapanda, ikifika kileleni jeshi la waasi linazuka, unalipiga, mambo yanatulia. Maji Maji haikwenda hivyo, nami nataka mchezaji aone tofauti.

Saa 3. Naanza na sababu: kodi, maakida (watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani), na mashamba ya pamba ambako watu walilazimishwa kulima kwa ujira usiotosha kitu. Kule Nandete, Umatumbi, vita vilianza kwa kung'oa pamba. Basi hatua ya kwanza ya mchezaji haitakuwa kushambulia boma. Atang'oa miche, halafu atasubiri akida afanye nini.

Saa 5. Hapa ndipo penye kazi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa dawa ya maji iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga, na bado vikasambaa. Kwa hiyo kumuua kiongozi hakuzimi uasi katika gemu yetu. Kinachosafiri ni imani katika dawa hiyo, ikibebwa na wajumbe walioitwa hongo, kijiji hadi kijiji, hadi kwa makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja. Kila kijiji nakipa vipimo viwili: imani, na habari kilizopata.

Saa 7. Ubishi na mwenzangu anayeandika programu. Anasema baada ya Mahenge, tarehe 30 Agosti, bunduki za rashasha zilipowafyeka wapiganaji mbele ya boma, imani ishuke ramani nzima. Nakataa. Wangoni waliingia vitani Septemba! Habari zilitembea kwa miguu, na kila mahali zilipokelewa kivyake. Tunakubaliana: imani inashuka pale tu habari za kushindwa zinapofika, na kijiji chenye kisasi kikubwa kinaweza kupigana hata dawa ikishatiliwa shaka.

Saa 9. Chakula, kisha majaribio. Wajumbe wanakwama kwenye mto Rufiji. Tunarekebisha.

Saa 10. Njaa. Wajerumani walichoma vijiji, maghala na mashamba, na wengi wa waliokufa waliuawa na njaa na maradhi. Makadirio ya vifo ni kati ya 75,000 na 300,000. Anayecheza upande wa serikali atagundua haraka kuwa kuchoma maghala kunamaliza vita. Sitaki apewe alama kwa hilo. Ghala likiungua, mbegu zinakwisha, msimu unaofuata haulimwi, watu wanahama au wanakufa, na wilaya inabaki pori hadi mwisho wa mchezo, bila kodi wala pamba.

Saa 12 jioni. Nawatumia wajaribu toleo hili na swali moja: walipoona ghala la kwanza linaungua, walifikiria kushinda au walifikiria msimu wa kupanda?