Mguu wangu ulivyoniaibisha mbele ya tsuzumi

Tromboni nilijifunzia katika bendi ya tarumbeta ya kanisa la Kilutheri huko Moshi, ambako mwalimu wetu alitufundisha kuhesabu mapigo kwa kukanyaga sakafu, na kwa miaka mingi nilijivunia kwamba sikuwahi kukosea mahali pa kuingia. Majivuno hayo yaliishia Kyoto nilikokwenda kusoma, pale bendi kubwa ya jazi ya wanafunzi niliyojiunga nayo ilipotunga muziki wenye ngoma ya Kijapani iitwayo tsuzumi, kwa kufuata njia ya Toshiko Akiyoshi. Mpiga piano huyo, aliyezaliwa Manchuria mwaka 1929, aliunda bendi yake Los Angeles mwaka 1973 pamoja na mumewe, Lew Tabackin. Katika "Kogun" ya mwaka 1974, iliyotokana na kisa cha Hiroo Onoda, askari aliyebaki msituni Ufilipino karibu miaka 30 akiamini kuwa vita havijaisha, aliweka tsuzumi na sauti za Noh, tamthilia ya jadi ya Kijapani, kando ya saksafoni na tarumbeta.

Tsuzumi yenyewe ni ndogo, imebanwa katikati, na hushikwa begani. Mzee tuliyemwalika aliipulizia ngozi ya farasi pumzi ya moto ili iwe na unyevu, akazikaza kamba kwa mkono wa kushoto, akaita "yooo", kisha akanyamaza. Mimi nilihesabu nne, mguu ukigonga sakafu, nikapuliza kwa nguvu zote, peke yangu! Wenzangu kumi na watano walinitazama, na yule mzee, bila hata kupepesa macho, alipiga pigo lake muda mrefu baadaye, kana kwamba sikuwapo.

Mwenzangu mmoja, kwa nia njema tu, alinishauri nifanye mazoezi na metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika. Nikanunua moja kwa yeni elfu tatu na kitu, nikakesha nayo wiki nzima, na matokeo yake ni kwamba nilikosea vilevile, ila sasa kwa usahihi mkubwa zaidi. Kimya kile, ambacho Wajapani hukiita "ma", hakina urefu wa kuhesabika. Mpigaji hukivuta au kukifupisha apendavyo, na saa haiwezi kukijua.

Dawa niliipata nilipoacha kutazama noti nikamtazama mzee mabegani, kwa sababu kabla ya kila mwito alivuta pumzi, nami nikaanza kuvuta pamoja naye. Mguu, hata hivyo, ulikataa kutii. Mwishowe nikavua kiatu na kuufunga kwa tai kwenye mguu wa kiti, jambo ambalo sikumweleza kiongozi wa bendi.

Usiku wa onyesho niliingia barabara, nikiteleza kati ya noti kwa ule mkono wa tromboni unaosukumwa na kuvutwa, hadi ikakaribia kabisa sauti ya mwimbaji wa Noh (ujanja ambao wapiga tarumbeta hawauwezi, wapende wasipende). Kisha kiongozi akatuomba tusimame kupokea makofi, nami nikasimama na kiti.